Somo la Mbuni: Mti Usiojua Kukataa Mzigo

Leo twapenda kusema habari za mti mdogo ambao watu wa nyanda za juu za Tarime wauona kila siku na kuuchuma kila mwaka, lakini ni wachache waliopata kuutazama kwa makini kama mtu atazamavyo ng'ombe wake. Mti huo ni mbuni. Hatumsemi yule ndege mwenye mbio akaaye katika mbuga za Serengeti. Jina ni moja, viumbe ni viwili. Twausema mbuni uzaao buni, ambazo kwazo hupatikana kahawa.

Sababu ya kuandika somo hili ni hii. Tulifika Nyamwaga, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye shamba la mibuni na migomba nyuma ya nyumba yake. Mwaka uliotangulia mibuni yake ilizaa kuliko miaka yote. Matawi yaliinama mpaka yakagusa udongo. Mzee akalipa karo za watoto, akaezeka nyumba yake bati. Mwaka uliofuata mibuni ile ile ilisimama kama fito. Matawi yalikauka kuanzia ncha, majani yakapukutika, na buni chache zilizosalia zikawa nyepesi kama makapi. Mzee akatuambia, "Wanangu, kuna mtu aliyepita humu na jicho baya." Yuko jirani aliyekuja kuyasifu mavuno yale mazuri, na tangu siku mibuni ilipokauka watu hawa wawili hawakusalimiana tena. Shoka lilikuwa limekwisha kunolewa, ili mibuni ikatwe na mahindi yapandwe mahali pake.

Twaitaja habari hii bila jina la mwenyewe, kwa kuwa imewapata wengi wala si aibu yake peke yake. Jibu la msiba wake limo katika mwili wa mbuni wenyewe. Basi na tuutazame mwili huo, kiungo kwa kiungo, kisha turudi kwa mzee wetu.

1. UKOO NA ASILI YAKE

Wataalamu wa mimea huziita kahawa zote kwa jina la Coffea. Mbuni upandwao Tarime ni ule uitwao Coffea arabica, nasi twauita arabika. Jina hilo ulipewa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1753, akidhani asili yake ni Arabuni. Sivyo. Kwao ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, ambako mpaka leo huota wenyewe chini ya vivuli vya miti mirefu. Kutoka huko ulivushwa bahari hadi Yemen, Waarabu wakaulima katika matuta ya milimani, na buni zake zikapakiwa merikebuni katika bandari ya Mocha. Maneno yetu "kahawa" na "buni" yametoka katika Kiarabu. Mti wenyewe ni mtoto wa Afrika.

Tena, jamaa zake hawako mbali nasi. Ndani ya kila chembe ya kiumbe zimo nyuzi ndogo za urithi ziitwazo kromosomu. Aina nyingine za kahawa zina kromosomu 22, lakini arabika ina 44, kwa sababu ilizaliwa kwa kuchanganyika aina mbili katika zama za kale sana. Mmoja wa wazazi hao ni robusta, ambayo leo hulimwa sana Kagera, ng'ambo ya Ziwa. Wa pili, naye ndiye mama, huitwa Coffea eugenioides, na huota mwituni katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wahaya waliijua robusta zamani, kabla ya Mzungu yeyote kufika: walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, na kumpa mgeni azitafune kwa heshima.

Katika ukoo huu mkubwa umo pia mti wa kwinini, uliowaponya watu homa ya malaria kwa miaka mingi. Kwa hiyo mbuni ni wa ukoo wa miti yenye dawa kali ndani yake. Ukali wa kahawa huitwa kafeini. Arabika ina kiasi cha sehemu 1 katika 100 ya uzito wa punje zake, na robusta ina karibu mara mbili ya hapo. Mbuni haukuiweka kafeini kwa ajili ya kumwamsha karani asinzie mezani. Uliiweka ili wadudu wasiule.

2. MIZIZI

Mbuni una mzizi mkuu uendao chini, lakini mzizi huo si mrefu kama watu wadhanivyo. Mizizi iulishayo mti ni ile myembamba iliyotandaa pande zote, na sehemu yake kubwa imo katika sentimita 30 za juu za udongo. Basi mtu alimaye katikati ya mibuni kwa jembe lizamalo sana huikata midomo ya mti. Afadhali apalilie juu juu, akatandaze majani makavu ya migomba au nyasi, ili udongo ukae na unyevu na ubaridi wake.

3. SHINA NA MATAWI

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nasi twawaomba walimu wakae hapa kitambo.

Mbuni una matawi ya namna mbili. Namna ya kwanza ni shina lisimamalo wima, pamoja na machipukizi yatokayo katika shina hilo na kupanda juu vile vile, ambayo wakulima huyaita maotea. Namna ya pili ni matawi ya pembeni, yatokayo mawili mawili, moja huku na moja huku, na kulala kama mikono iliyonyoshwa. Buni huzaliwa juu ya matawi haya ya pembeni.

Tofauti yake si ya sura tu. Katika kila kwapa la jani juu ya shina, jicho moja tu ndilo liwezalo kutoa tawi la pembeni. Tawi hilo likikatwa shinani, au likikauka hadi shinani, halitoki tena mahali pale milele. Macho mengine yaliyobaki katika kwapa lile hutoa maotea peke yake. Kwa hiyo atakaye matawi mapya ya pembeni hana budi kukuza otea jipya, nalo ndilo litakalotoa mikono yake lenyewe. Mkulima akikata tawi la pembeni bila kufikiri, ameziba mlango usiofunguliwa tena.

Mbuni ukiachwa bila kupogolewa hufika kimo cha mita 4, 5 au zaidi. Mikono ya chini hufa kwa kukosa mwanga, na buni hukaa juu mahali ambapo watoto huvunja mti ili wazifikie.

4. JANI

Majani ya mbuni hutoka mawili mawili yakielekeana. Ni ya kijani kibichi kilichokoza, yang'aayo juu, na kingo zake zina mawimbi. Mti huu haupukutishi majani yote kwa majira kama miti mingine. Ukiuona mtupu, jua kwamba ni mgonjwa au amechoka. Ukiligeuza jani, utaona vishimo vidogo mahali ambapo mishipa ya pembeni yakutana na mshipa wa kati. Tena, kati ya vikonyo vya majani mawili yaliyoelekeana utaona kijani kidogo sana chenye ncha. Alama hizi humsaidia mtaalamu kuutambua ukoo wake.

Jani ndilo jiko la mti. Humo chakula hupikwa kwa mwanga wa jua, kisha hupelekwa kwenye mizizi, kwenye ncha za matawi, na kwenye buni. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili: jiko ni moja, na walaji ni watatu.

5. UA

Wakati wa kiangazi vifundo vya maua hutokea katika makwapa ya majani ya matawi ya pembeni, kisha husimama, havikui wala havifi. Vinangoja. Inyeshapo mvua ya kwanza ya kutosha, huamka, na baada ya siku kama nane hadi kumi na mbili shamba zima huwa jeupe kwa pamoja. Ua lina petali tano nyeupe, na harufu yake yafanana na ya yasmini. Uzuri huu haukai. Baada ya siku mbili au tatu maua hunyauka.

Arabika yaweza kujizalisha yenyewe. Unga wa ua huangukia ua lile lile. Robusta haiwezi, yahitaji unga wa mti mwingine. Lakini nyuki wafaa kwa zote mbili, na mwenye mizinga karibu na shamba hapati hasara.

Sasa swali: maua hutoka sehemu gani ya tawi? Si mahali popote. Hutoka hasa katika sehemu iliyokua msimu uliotangulia. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena kwa wingi. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa uzi mwekundu. Mibuni itoapo maua, wachague matawi matano yenye afya, wafunge uzi karibu na ncha ya kila tawi. Mwaka ufuatao, maua yatokapo tena, wataona kwamba mengi yako mbele ya uzi, katika sehemu ambayo mwaka jana haikuwapo. Tawi ambalo halikurefuka kupita uzi halitakuwa na kitu.

Basi, wasomaji, mavuno ya mwakani hayako mbinguni wala katika mkono wa jirani. Yako katika vipande vile vipya vya tawi viotavyo mwaka huu, wakati ule ule ambao buni za mwaka huu zinakua.

6. TUNDA

Buni huanza kijani, ndogo kama kichwa cha kijiti cha kiberiti, na kwa arabika huchukua miezi saba hadi tisa mpaka kuiva. Iivapo huwa nyekundu. Ukiipasua utaona nje ngozi nyekundu. Chini yake nyama laini yenye utamu. Kisha ute uteleza­o. Kisha ganda gumu la rangi ya majani makavu. Kisha utando mwembamba wa rangi ya fedha. Na ndani kabisa punje. Punje ni mbili kwa kawaida, zimelaliana ubapa kwa ubapa, na kila moja ina mfuo katikati. Mara nyingine mbegu moja hufa ikiwa changa, na iliyobaki hujaza nafasi yote ikawa ya mviringo.

Yatakiwa kiasi cha kilo 6 za buni mbivu kupata kilo 1 ya kahawa safi. Buni ya kijani haikujaza punje yake. Ni nyepesi kwenye mizani, haimenyeki vizuri, na ladha yake huharibu zile nzuri zilizochanganywa nayo. Na kwa kuwa mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, tawi moja laweza kubeba buni za umri mbalimbali. Kwa hiyo uchumaji ni wa kurudia rudia, buni moja moja, nyekundu peke yake. Akwanyuaye kwa kiganja kizima huondoka na majani pia, na mara nyingi huvunja ncha ya tawi. Amechukua jiko, na amechukua kitanda cha mavuno yajayo.

7. KWA NINI MATAWI YA MZEE YALIKAUKA

Mwembe hutoa maua maelfu, kisha huangusha vijiembe vingi vikiwa vidogo, ukabakiza vile uwezavyo kuvilisha. Mbuni hauna akili hiyo. Kwao Ethiopia uliishi chini ya kivuli kizito, na katika kivuli maua huwa machache. Haukupata haja ya kujifunza kupunguza mzigo. Sisi tumeutoa msituni, tumeuweka juani, nao watoa maua tele. Na kila ua lililoshika hukuzwa mpaka mwisho. Huu ni mti usiojua kukataa.

Hapo kumbuka wale walaji watatu wa jiko moja. Buni ndizo zenye nguvu ya kuvuta kuliko wote. Zizidipo, huvuta chakula chote. Mizizi myembamba hufa kwa njaa, ncha za matawi hazirefuki, majani hugeuka manjano na kuanguka, na jiko lenyewe hupungua. Kisha tawi hukauka kuanzia ncha kurudi shinani. Ndiyo maana baada ya mwaka wa neema huja mwaka wa ukame juu ya mti, hata kama mvua imenyesha.

Watu wa Tarime ni wafugaji, wataelewa upesi. Ng'ombe akikamuliwa mpaka tone la mwisho, na ndama asiachiwe kitu, nyumba itakunywa maziwa mengi mwaka huu, lakini mwakani zizi halitakuwa na mtamba. Buni za mwaka huu ndizo maziwa. Kipande kipya cha tawi ndicho ndama.

8. KUTOFAUTISHA UCHOVU NA MARADHI

Si kila mbuni ukaukao umechoka. Mkulima atazame dalili kabla ya kuhukumu.

Kwanza, chulebuni. Huu ni ugonjwa wa ukungu. Hutia madoa meusi yaliyodidimia juu ya buni za kijani, nazo huoza au kukauka mtini. Ulitambuliwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, wala si mbali na kwetu.

Pili, kutu ya majani. Geuza jani: ukiona unga wa rangi ya machungwa chini yake, ndiyo hiyo. Ukungu huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1861 kutoka nchi za Ziwa Viktoria, na tangu mwaka 1869 uliiangamiza kahawa ya kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, hata wenye mashamba wakageukia chai.

Tatu, uchovu wa kuzaa mno. Hakuna unga chini ya jani, wala madoa yaliyodidimia katika buni. Lakini tawi limekauka toka ncha, na mwaka uliopita lilizaa kupita kiasi.

Twaongeza kwamba mti uliochoka hushikwa na maradhi upesi, hivyo yaweza kuonekana mawili pamoja. Kwa chulebuni na kutu, ziko aina mpya za miche zenye kustahimili, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, Kilimanjaro, mahali ambapo uchunguzi wa kahawa ulianza mwaka 1934. Mkulima amuulize Bwana Shamba wa kata yake. Lakini hata mche ulio bora kuliko yote hauna dawa ya uchovu. Dawa yake ni mkono wa mwenye shamba.

9. LA KUFANYA

(a) Ondoa maotea yasiyotakiwa yangali machanga. Mti usiwe na mashina zaidi ya mawili au matatu.

(b) Baada ya kuchuma, kata matawi makavu na yale yaliyokwisha kuzaa yakadhoofika, ili mwanga uingie na chakula kiende kwenye vipande vipya.

(c) Mwaka wa mzigo mkubwa ndio mwaka wa samadi. Wengi huutilia samadi mti ukiwa tayari umekauka, kama mtu ampaye ng'ombe majani akiisha kuanguka.

(d) Weka kivuli chepesi na matandazo. Kivuli hupunguza maua, nako kupunguza huko ni kuuhifadhi mti.

(e) Mbuni uliochakaa usiung'oe kwa haraka. Kata shina kwa msumeno, kimo cha sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa kuinamisha ili maji yatiririke. Maotea yatatoka, chagua mawili au matatu yenye nguvu. Mizizi ni ya zamani, mwili utakuwa mpya, nao utazaa mapema kuliko mche wa kitalu, ambao hukawia kama miaka mitatu kabla ya kuzaa mara ya kwanza.

Haya ndiyo tuliyomweleza mzee wetu. Tulikwenda naye shambani, tukayageuza majani, hatukuona unga. Tukatazama buni, hatukuona doa. Tukamwonyesha vipande vya tawi ambavyo havikurefuka hata kidogo mwaka ule wa neema. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba watoto wake hula mahindi, hawali masomo. Akaing'oa nusu ya mibuni na kupanda mahindi. Hatukuweza kumlaumu. Nusu ya pili aliikata kwa msumeno kama tulivyosema. Tulipopita tena mwaka wa pili, maotea yalikuwa yamepita kimo cha kiuno na kuanza kunyosha mikono yake. Na jirani yule tulimkuta amekaa barazani kwa mzee. Hatukuuliza walipatana vipi.

MASWALI KWA AJILI YA SHULE NA BARAZA

1. Matawi ya mbuni ni ya namna ngapi, na buni huzaliwa juu ya namna gani?
2. Tawi la pembeni likikatwa shinani, ni kitu gani kitakachoota mahali pake?
3. Walaji watatu wa jiko la mbuni ni wapi, na ni yupi ashindaye wenzake?
4. Kwa nini mwembe huangusha vijiembe, na mbuni hauangushi buni?
5. Taja dalili za chulebuni, za kutu ya majani, na za uchovu.
6. Funga uzi mwekundu kama ilivyoelezwa katika sehemu ya tano, uandike tarehe, na mwakani uandike ulichokiona.

Wasomaji watakaofunga nyuzi hizo watatufurahisha wakituletea habari. Hatuhitaji maneno mengi. Tarehe, idadi ya matawi, na yaliyoonekana, yatosha.